Mjomba, sigara yake, na daftari langu la hospitali

"Dada, huku si kwenye matatu."

Kijana alinambia hivo wala hakuinua macho, ameegemea ukuta, sigara iko kati ya vidole, mimi nimesimama mbele yake buibui nimelivuta mpaka puani. Tulikuwa tangani kwa jirani yetu wa zamani, Mji wa Kale hapa Mombasa, hema limefungwa ukuta huu mpaka ukuta ule, viti vya plastiki vimejaa wanaume, na mnavijua vichochoro vyetu upana wake, mkokoteni ukipita watu wanajibana kwenye milango, sasa tia turubai juu halafu watu sita wavute kwa pamoja. Moshi hauna pa kwenda. Unakaa pale chini ya hema kama na wenyewe umekuja kutoa pole.

Nilikuwa nimemuomba tu asogee nipite. Kuzima sikumwambia.

Nikapita. Kufika mlangoni kifua changu cha pumu kishaanza kile kimlio chake, kama paka aliyefungiwa kabatini, ma'mkubwa mmoja akanishika mkono, "njoo ndani mwanangu, nje kuna moshi huko." Ndani kulikuwa na hitma. Na hitma haikosi ubani. Chetezo kiko katikati ya mkeka, makaa mekundu, na bi mmoja kwa mapenzi yake yote akakiinua akakizungusha mpaka usoni pangu na mimi nipate baraka.

Basi nilipata.

Nikatoa inhela mbele ya wanawake ambao nusu yao walininyoa nywele za arobaini, nikavuta mbili, nikahesabu, nikavuta mbili tena, msomaji akanyamaza, kimya chote kile kikajaa mlio wa kifua changu. Mara nikaona kichwa cha mjomba dirishani. Na yeye alikuwa mmoja wa wale sita, sema yeye huvuta kizee, moto ameuficha ndani ya kiganja, ukipita haraka hujui kama anavuta. Akanitazama, akatazama inhela, akasema kwa sauti ya chini, "Mbona hukusema?"

Hayo maneno mawili, la kijana na la mjomba, yamenikaa wiki nzima, ya pili, ya tatu. Nafua, naosha vyombo, niko kwenye feri, yako pale pale.

## Hadithi yangu tamu

Ninayo hadithi moja nimeisimulia miaka mingi sana, wengine wenu mshaisikia. Inaenda hivi.

Mjomba alikuwa dereva wa nissan, matatu yaani. Stika ya "usivute sigara" imebandikwa juu ya kioo na chini yake dereva mwenyewe anavuta, mkono mmoja usukani mkono mmoja nje dirishani, jivu linaruka linarudi kwa abiria wa nyuma. Hakuna aliyesema kitu. Nikipanda gari lake kwenda shule naketi siti ya mwisho kabisa, leso puani, na bado nikifika darasani natafuta ukuta wa kuegemea.

Halafu ikaja ile sheria ya tumbaku, ya 2007, ikaanza kufanya kazi Julai 2008. Ukikamatwa unavuta hadharani ni faini mpaka shilingi 50,000, au jela mpaka miezi sita, au vyote viwili. Mjomba elfu hamsini hakuwahi kuishika mkononi siku moja. Akaacha kuvuta garini, stendi akawa anajificha nyuma ya choo. Na jioni akirudi nyumbani (tulikuwa tunaishi nyumba moja, yeye, mamangu, nyanya, sisi watoto) anazilipa zote alizokosa mchana. Moja baada ya nyingine. Mimi ndio nimelala chumba cha pili.

Kwa hivo, ndivyo nilivyokuwa namalizia, serikali ilisafisha matatu ikachafua sebule yetu.

Hii hadithi imenishindia mijadala chuoni. Imenipa sifa ya mtu anayefikiri. Ina serikali imekosea, ina mtoto mgonjwa, ina kinyume cha mambo, nani hataki hadithi kama hiyo. Na sikuwa nadanganya, wallahi, nilikuwa naikumbuka hivo, harufu yenyewe naikumbuka mpaka leo ikiingia chini ya chandarua.

## Jedwali la kuzidisha nyuma

Wiki ya pili baada ya tanga nikaenda kwa mama kutafuta cheti cha kuzaliwa, maana kuna ofisi inakitaka, na kwenye lile sanduku la bati la vyeti nikakuta daftari langu la hospitali. Mliolelewa na kliniki mnalijua, daftari la kawaida la shule, gamba la kijani, jedwali la kuzidisha nyuma, juu mama ameandika jina langu kwa kalamu nyekundu. Limenyonya maji ya mvua pembeni. Linanuka Vicks.

Nikakaa chini kwenye sakafu nikaanza kulisoma kama novo... kama riwaya yaani. Mwandiko wa madaktari mnaujua, lakini tarehe zinasomeka, wanapiga muhuri. Na "Neb x3" inasomeka, maana yake siku hiyo niliwekwa ile mashine ya mvuke mara tatu.

Nikahesabu.

2006, mara nane. 2007, mara kumi na moja. 2008, mara sita. 2009, mara mbili.

Nikahesabu tena nikidhani nimeruka kurasa. Zile sita za 2008, tano ni kabla ya Julai. Ya kwanza kabisa ni tarehe 3 Januari, na ile wiki ya fujo za baada ya uchaguzi hakuna wa Mombasa asiyeikumbuka, moshi wa wiki ile ulikuwa wa matairi, haukuwa wa mjomba wala wa mtu mwingine mmoja. Baada ya Julai iko moja tu. Yaani kile kipindi ambacho mimi kwa hadithi yangu nilikuwa nafukizwa kila usiku, ndicho kipindi nilichokwenda hospitali mara chache kuliko vyote.

Nilikasirika. Nililikasirikia daftari, fikirieni.

Halafu nikaona kitu kingine, kikanipa nafuu kidogo. Tarehe 19 Mei 2008 daktari ameandika inhela ya pili, ile ya kahawia. Wenzangu wa pumu mnajua tofauti, ya buluu ni ya kuzima moto, inalegeza misuli iliyobana njia ya hewa, dakika chache unapumua. Ya kahawia ni ya kila siku hata ukijiona mzima, manake njia za hewa zetu zinakuwa zimevimba kwa ndani hata siku ambazo hatupigi mluzi, na huo uvimbe ndio unaofanya moshi kidogo tu, vumbi kidogo tu, ubani kidogo tu, mlango ufungwe. Kwa hivo labda ni dawa. Dawa ilianza Mei, sheria ikaanza Julai, nenda sasa wewe utenganishe.

Mimi siwezi. Daftari la mtoto mmoja halina nguvu hiyo.

## Watoto hawaendi baa

Sasa kwa vile nishaanza kujitilia shaka, usiku nikaingia kusoma. Nilikuwa natafuta wa kuniunga mkono, niseme ukweli. Nilikuwa natafuta mtafiti mmoja aseme "ndio, wakikatazwa nje wanavutia ndani."

Nikafikia Uskoti. Wao walipiga marufuku kuvuta ndani ya maeneo ya umma tarehe 26 Machi 2006, baa, mikahawa, maofisi, yote. Na kabla ya hapo na wao walikuwa na hofu ile ile yangu, kwamba wazee wakifukuzwa baa watahamishia moshi nyumbani kwa watoto. Watafiti wa Glasgow wakachukua rekodi za watoto wa chini ya miaka 15 waliolazwa kwa pumu, kuanzia 2000 mpaka 2009. Kabla ya sheria idadi ilikuwa inapanda kwa asilimia 5.2 kila mwaka. Baada ya sheria ikawa inashuka kwa asilimia 18.2 kila mwaka. Uingereza nako walipofuata 2007, mwaka wa kwanza tu watoto wanaolazwa kwa pumu wakapungua asilimia 12.3.

Hapa ndipo nilipoiweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Watoto hawaendi baa! Mtoto wa miaka minne wa Uskoti hakuwa amekaa kwenye kaunta akivuta moshi wa watu. Kama amepungua kuumwa kwa sheria inayohusu baa, basi kuna kitu kimebadilika kwao nyumbani, mahali ambapo sheria haikugusa kabisa.

Na kuna waliokwenda kupima. Walichukua mate ya wanafunzi wa kama miaka 11 wakatafuta kotinini, ambayo ndiyo nikotini inavyogeuka ikishaingia mwilini, haidanganyi ile, mtoto akikaa na moshi iko kwenye mate yake. Baada ya sheria ikashuka kwa asilimia 39 kwa jumla. Lakini ukiwagawa kwa nyumba ndio utamu unapoanza, wale ambao nyumbani havuti mtu ilishuka asilimia 51, ambao anavuta baba peke yake asilimia 44, na ambao anavuta mama au wote wawili, 11 tu, ambayo kitakwimu ni kama hakuna.

Nimeisoma hiyo sentensi labda mara ishirini. Anavuta baba peke yake. Kwetu alikuwa anavuta mjomba peke yake.

Wafanyakazi wenyewe wa baa sitawaeleza sana, ila eneo la Dundee, huko huko Uskoti, walipimwa 77, kabla ya sheria asilimia 79.2 walikuwa na dalili za kukohoa, kupiga mluzi, macho kuwasha, mwezi mmoja tu baadaye wakawa asilimia 53.2, na wenye pumu kati yao hata uvimbe wa ndani ulipungua. Mwezi mmoja. Sisi mwezi mmoja hata faili haijatoka meza moja kwenda nyingine.

Nikabaki na swali. Wao wakitoka nje, nje ni nje kweli, kuna bustani, kuna barabara, kuna ile baridi ya kumfanya mtu avute haraka arudi ndani. Nje ya kwetu ni kibarazani. Na kibaraza cha kwetu kiko chini ya dirisha la chumba nilichokuwa nalala.

## Mguu ulizoea

Basi nikaenda kumuuliza mwenyewe.

Mjomba siku hizi haendeshi tena, macho. Nilimkuta duka la pale kona, lile ambalo kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kwenye nondo za dirisha ili wateja wa sigara moja moja wawashie wasiondoke nacho. Ndio, moja moja, na sheria ile ile inasema pakiti isipungue sigara kumi. Muuzaji anajua, mjomba anajua, kiberiti nacho kwa ile kamba kilivyochakaa nadhani kinajua. Anavuta nne kwa siku sasa, ananambia, kama mtu anayesoma ripoti nzuri.

Nikamueleza hadithi yangu mpaka mwisho, ya sebule. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Sebuleni nilikuwa navuta," akasema. "Lakini hiyo ni zamani. Ni kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kukatazwa stendi."

Alivyonieleza ni hivi, na nimejaribu kuyaandika kama alivyosema. Stendi ilikuwa akitaka kuvuta lazima ashuke garini, azunguke, aende nyuma kule. Mara kumi kwa siku. Siku nenda siku rudi. Hata ikafika akiingiza mkono mfukoni kutoa sigara, mguu tayari unatafuta mlango. Nyumbani ikawa vivyo hivyo, hakuamua, hakukaa akafikiria mtoto wa dada yangu ana pumu, hapana, "nisikudanganye, sikukufikiria. Mguu ulizoea tu."

Nisikudanganye, sikukufikiria. Hapo moyo uliniuma kidogo halafu nikashukuru kwamba amesema.

"Na ile harufu chini ya chandarua?"

Akanyoosha kidole kuelekea nyumbani. "Si nilikuwa kibarazani. Na dirisha lako lilikuwa halina pazia la maana."

Kwa hivo nilikuwa nakumbuka kweli na nakumbuka vibaya, vyote viwili. Moshi ulikuwepo, ila ulikuwa wa dirishani, umepungua, na mimi kwa vile kabla yake nilikuwa nalala ndani yake sikuuona, samaki hajui maji, nilikuja kuujua ulipokuwa unaingia kidogo kidogo kutoka mahali pengine. Ulipokuwa kila mahali haukuwa na harufu.

Hii ndio imenisumbua zaidi kuliko takwimu zote. Manake hata mimi mgonjwa mwenyewe sikuwa shahidi mzuri wa kifua changu.

## Yule kijana sasa

Turudi kwa yule wa "huku si kwenye matatu." Nilimchukia wiki mbili. Halafu nikaanza kusikia alichosema, kwamba matatu ni mahali ambapo hata yeye hawezi kuota kuvuta. Umri wake sidhani kama amewahi kuona dereva anavuta na abiria nyuma. Kwake ile stika imekuwa kweli tangu ana akili zake. Mimi nilikaa siti ya mwisho na leso, yeye hajui hiyo leso ilikuwa ya nini.

Lakini amejua mpaka pia. Amejua ni wapi sheria inakoma, na hapo inapokoma ndipo anapoanza yeye. Ukimwambia shisha atakueleza kesi yote, kwamba ilipigwa marufuku Desemba 2017 na Septemba 2024 mahakama hapa hapa Shanzu ikasema marufuku yenyewe haikufuata utaratibu, atakueleza kama wakili. Kifua cha mtu aliyesimama mbele yake hakimo kwenye hiyo kesi.

Mjomba ni kinyume, sheria haijui hata ibara moja, ameijua kwa mguu.

Sijui yupi bora. Nikiwa na kifua kinabana namtaka mjomba.

Na kuna ile sehemu ambayo nimekuwa naikwepa tangu nianze kuandika, chetezo. Manake tuwe wakweli, siku ile kilichonimaliza ni ubani. Sigara sita zilinifungulia mlango, sikatai, lakini zile za nje nilikuwa na ujasiri wa kumwambia mtu asogee, ya ndani sikuthubutu hata kukunja uso. Nyumba zetu zina udi wa nguo, ubani wa magharibi, jiko la makaa kwenye ukumbi wa nyuma, asubuhi jirani anachoma taka na majani ya mwembe. Hakuna sheria itakayokuja kwa hayo na mimi siitaki, nyanya yangu angefufuka. Harufu ya ubani ni harufu ya kila mtu niliyempenda na kufiwa naye. Naipenda na inaniua, nifanyeje.

Nikajiuliza basi mbona miaka yote hii moshi wa sigara nimeulalamikia, wa ubani nikakaa kimya. Nadhani jibu ni la aibu kidogo. Kwa sigara nilikuwa na elfu hamsini nyuma yangu. Hata nisipoitaja iko, mtu ananiangalia anajua ninayo. Kwa ubani niko mimi tu na kifua changu.

## Arobaini

Ijumaa iliyopita ilikuwa arobaini ya yule jirani. Nilivuta ya buluu nyumbani kabla sijatoka, kama alivyonifunza daktari, nikatoka na mapigo ya moyo yanakimbia, ni dawa ile, inafanya hivo.

Hema safari hii halikuwepo, viti vilikuwa vichache. Mjomba hakuwa kwenye viti. Nilimuona kule kona, dukani, amesimama karibu na kiberiti chake cha kamba, na pembeni yake, sikuamini, yule kijana. Sijui nani alimfuata nani. Huenda alikwenda kununua tu. Nikapita kichochoro chote na pua wazi, hatua kama thelathini, nikasikia harufu ya kahawa na ya samaki wa mtu na ya mtaro.

Ndani chetezo kiko pale pale katikati ya mkeka.

Nikakaa karibu na mlango. Yule bi akaanza kukiinua. Nikasema, na sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyopanga, "Shangazi, naomba chetezo kikae dirishani leo, kifua changu hakipatani nacho."

Wakageuka wote. Nilisikia masikio yangu yanawaka.

"Kumbe!" akasema. "Na siku ile nikakufukiza weye! Si ungesema?" Akakiinua kwa kanga akaenda kukiweka kwenye kizingiti cha dirisha, moshi ukawa unatoka nje kuelekea kichochoroni, na nusu yake unarudi.

Msomaji akaendelea. Baada ya dakika mbili tatu bi akanigusa goti akaniuliza kwa kunong'ona, "Na feni? Feni tuiache ama tuizime?"

Nikamwambia aiache.